Jicho la Kushoto

Jumamosi Lugusha alinipa funguo
kama mtu anayekuazima mwavuli:
gari jipya, jeusi, bado lina harufu ya dukani.
Nikaliendesha hadi Ipuli na kurudi.
Halikukohoa. Halikuniuliza kitu.
Kioo kikanisomea hata joto la nje,
kana kwamba mimi sina ngozi.

"Uza kile chuma," akasema. "Milango miwili!
Kiti cha nyuma hata mbuzi analalamika."

Kweli tupu.
Selika yangu hufumbua jicho la kulia kwanza,
la kushoto mpaka nishuke nilipige kofi dogo.
Gia ya pili haitaki pupa.
Chini ya zulia la buti imeganda asali
iliyomwagika njia ya Sikonge, mwaka tuliomzika baba;
mvua za kwanza zikinyesha, sisimizi huja kuhani.

Nyamizi alijifunzia humo.
Akagonga nguzo pale Isevya, akacheka, kisha akalia.
Kovu lipo mlangoni. Sijalipaka rangi.

Fundi Shitindi anasema spea imebaki moja mjini,
nayo imo ndani ya gari langu.

Nilirudisha funguo, nikavuka reli kwa miguu.
Nyumbani nikawasha: kimya.
Tena: kikohozi.
Nikaegemeza paji kwenye usukani,
nikaungama, ndiyo, nilikwenda nalo hadi Ipuli,
na kiyoyozi niliwasha.

Mara ya tatu likanguruma,
kuku wa jirani wakatawanyika.

Jicho la kushoto lilinuna mpaka Jumanne.