Lango la Tatu

Jeneza la mama yake
aliomba alishike,
nasi pingu tuziweke
mbali, hadi kaburini.

Minesota, Januari,
wachukuzi wa habari
wawili, nasi tayari,
bunduki zi mlangoni.

Sulo Niemi, mpima
magogo; na mahakama
ya wilaya ilisema:
"Muuaji. Mtieni."

Karani wa mishahara
alichomwa barabara.
Mpini una ishara,
jina lake ubavuni.

Sikuwa na shaka hata.
Kazi yangu kufuata,
siyo kupima utata,
siyo kusoma machoni.

Wimbo wa tatu kuisha,
kikongwe akaangusha
miwani; tukajichosha
kuisaka sakafuni.

Tuliponyanyua shingo,
Sulo hayupo. Mlango
wa nyuma ni wazi, pengo
la baridi ukutani.

Bosi Saari kafoka:
"Hakuna wa kumshika.
Mkimwona anatoka,
risasi, na kifuani."

*

Nyayo zilivuka zizi
la ng'ombe. Nao ujuzi
wa kufuata majizi
ukagutuka moyoni:

lango alilipitia,
nyuma akalifungia,
na kamba akarudia
kuifunga kigingini.

Na la pili vile vile.
La tatu, barafu tele,
alichubua vidole,
damu ikaganda chini.

Anayekimbia kufa,
midomo yatoka nyufa,
awaepushe maafa
ng'ombe wa watu? Kwa nini?

Nikamwonyesha Saari.
Akasema, "Sina ari
ya malango. Ni hatari
huyo, hata kitandani."

Kisha, njiani, kwa raha,
akacheka: "Ni mzaha.
Kisu kizuri, silaha,
ukiache mashuani!"

Mashua? Katika kesi
hakuitaja polisi,
wala wakili. Upesi
nikanyamaza garini.

Kioo kina ukungu;
nafuta upande wangu
kwa kofia. Roho yangu
yahesabu: nani? Lini?

*

Ziwa lilikuwa jiwe,
vibanda vya mbao, mwewe
akizunguka. "Mwenyewe
nitaingia. Bakini."

Humo watu hukalia
ndoo, tundu watoboa,
siku nzima wangojea
samaki wa humo chini.

Nikamkuta kakaa,
jiko halina mkaa,
suti ya mazishi, njaa,
ua bado mfukoni.

"Ulifunga lango," nami
nikasema. Kwa ulimi
mgumu: "Ng'ombe wa Kemi
wana mimba. Baridini..."

Hakumaliza. Kishindo
cha buti, kisha mshindo
wa koki. Na kwa kitendo
sikupanga akilini,

pingu ya kwanza mkono
wake, ya pili mkono
wangu. Bila hata neno
funguo chubwi! tunduni.

Twatoka bega kwa bega.
Saari, na wake woga,
hakupata pa kupiga
ila nami kifuani.

Maili tatu ni ndefu
juu ya ziwa barafu,
miguu kama ya wafu,
na mtutu migongoni.

*

Kesi ya pili? Miaka
miwili hadi kufika.
Saari alianguka,
Sulo akatoka ndani.

Hakunishukuru. Sawa.
Ni mimi nilotumiwa
kumkamata, nikawa
mshahidi kizimbani.

Kovu la chuma, mkono
wa kushoto, ni agano?
Au ni deni? Maneno
sina. Ila mashambani

nikipita, hata leo,
lango halina komeo,
nashuka, sivai cheo,
nalifunga kigingini.