Kumi, Dabliyu, Arobaini

Saa kumi na moja alfajiri, Julai, Dagoretti.
Ukungu umekaa juu ya tangi kama mpangaji asiyelipa kodi.
Nakanyaga kiki. Inakohoa.
Nakanyaga tena: kle-kle-kle,
vyuma vinasagana meno huko juu, pakavu,
oili ikiwa bado imelala chini, ishirini-hamsini,
nzito kama uji wa jana.

Nabeba damu za watu, chupa ndogo ndani ya kasha la barafu,
na maabara haipokei udhuru.

Grogan, Fundi Makokha akafuta mikono kwa gazeti.
“Nduku, hii namba ya kwanza uliwahi kuiuliza kazi yake?”
Nikakiri: ile dabliyu nilidhani ni jina la mwenye kiwanda.
Hakucheka. Akacheka baadaye.
“Ni ya baridi. Ikipungua namba, oili inaamka mapema.
Ya pili ni ya saa saba mchana, foleni ya Ngong Road,
injini inachemka nawe umesimama.
Hapo ndipo oili nyepesi inakuwa maji, chuma kinakutana na chuma.”

Akamimina ile ya sinthetiki kwenye kifuniko:
rangi ya asali ambayo haijaguswa na nyuki mzembe.
“Punje zake zimelingana, kama mchele uliopepetwa.
Haichoki haraka.”
Bei? Elfu moja mia nne.
Ile ya kawaida, mia sita.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena,
vidole havikuongezeka.

Mwaka jana shemeji alinipa galoni ya gari, bure, ya bei ghali.
Klachi ikateleza mlima wa Kabete,
injini ikipiga kelele, gurudumu likitafakari.
Klachi ya pikipiki huogelea humo humo kwenye oili;
ya gari imelainishwa mno, sahani hazishikani.
Bure ilinigharimu sahani tano.

“Ingekuwa injini imezeeka, inavuta moshi,” akasema,
“ningekuacha na hamsini yako.”
Akafungua nati. Ya zamani ikashuka, nyeusi,
akaisugua kati ya vidole, akaniinamishia mkono:
vumbi la fedha linametameta.
“Hiyo ni pikipiki yako,” akasema, “inaondoka kidogo kidogo.”

Nikatoa elfu moja mia nne.
Leo nimekula mandazi mawili.
Kesho, saa kumi na moja, nitakanyaga kiki
na kutega sikio.