Kuwaka Si Kufika

Saa nane usiku, Punta Arenas, chini ya hospitali.
Juu, upepo unazivuta kamba zilizofungwa barabarani
ili watu wazishike wasipeperuke.
Huku chini upepo ni wa feni tu, baridi, wa mfululizo,
na unanuka plastiki mpya.

Nilimwambia Yerko: vua saa, vua pete,
vaa bangili hii yenye waya, ifunge kwenye chuma.
Mwili wako una umeme usioujua.
Cheche usiyoihisi kidoleni inatosha kuua kadi
ya bei ya mshahara wako wa miezi mitatu.
Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Tukazima seva, tukachomoa nyaya za umeme zote mbili,
tukasubiri taa ya mwisho ife.
Kadi akaishika kwenye kingo, kama mtu ashikavyo picha mbichi,
akaielekeza kwenye nafasi yake, akasukuma.
Ikasema ta.
"Si hiyo," nikasema. "Sukuma tena."
Ikasema ta ya pili, nzito zaidi.

Kisha nyuzi za kioo, nyembamba kama mvi,
zenye vikofia vya mpira kwenye ncha.
Usichungulie, nikamwonya.
Wewe huuoni mwanga uliomo. Wenyewe unaliona jicho.

Taa ikawaka kijani.
Yerko akanyoosha mikono juu kama aliyefunga bao.
Nikamwambia aiulize mashine ina diski ngapi.
Ikajibu: mbili. Zile zake za ndani, za tangu kuzaliwa.
Kabati zima la picha za mifupa ya watu wa Magallanes,
lililo hatua sita kutoka tuliposimama,
halikuwepo duniani.

Wahenga walisema kutangulia si kufika.
Taa hii hawakuiona.

Simu ikalia. Muuguzi Eduvina, ghorofa ya pili:
kuna mnyoaji kondoo, amepigwa teke na farasi, mbavu,
daktari anataka picha ya mwaka jana ailinganishe na ya leo.
Lini?
Nikasema nusu saa. Nusu saa ni neno la kiungwana
la sijui.

Tukaanza na kiendeshi. Kilikuwa cha zamani,
kimetungwa kwa kiini ambacho mashine ilishakiacha tangu Machi;
walisalimiana kama wakwe waliogombana,
adabu tele, habari hakuna.
Nikaweka toleo lililomo kwenye jedwali la mtengenezaji,
si lile jipya kuliko yote ambalo Yerko alilitamani.
Tukawasha upya. Dakika saba. Seva haimjui mgonjwa.
Diski: mbili.

Basi ikabaki namba. Kila kadi huzaliwa na yake,
alama kumi na sita, na swichi haimfungulii asiyeandikwa.
Yerko akaisoma kwenye karatasi yake, mimi kwenye skrini,
mbili mbili, kama wanaohesabu michango ya msiba.
Ya kumi na moja: yeye nane, mimi B.
Alikuwa amenakili kwa mkono, na mkono ulikuwa na baridi.

Hakusema kitu. Akafuta.
Nikakumbuka usiku wangu wa kwanza, Puerto Natales,
nilipochomeka waya kwenye swichi isiyo yake
na mji ukakosa hati za ardhi hadi Jumatano.
Sikumsimulia. Labda ningemsimulia.

Diski: kumi na nne.
Njia: mbili kwa kila moja.

Akataka kufunga kabati. Nikachomoa waya mmoja.
Akapiga kelele, akidhani nimerukwa na akili.
Taa ikafa, na kwenye skrini faili niliyokuwa nikiinakili
ikasita, pumzi moja, pumzi na nusu,
ikaendelea.
Nikaurudisha, nikachomoa wa pili. Vivyo hivyo.
Sasa funga.

Juu, Eduvina alishaifungua picha:
ufa wa zamani uliopona vibaya,
na pembeni, kwenye picha ya leo, mdogo wake.

Tulitoka saa kumi na moja, kumekucha, Desemba ya kusini.
Yerko alishika kamba kwa mkono mmoja,
na kwa mwingine, hewani, aliandika na kurudia kitu
chenye mgongo ulionyooka na matumbo mawili.