Hamali wa Haradali

Saa nne usiku, Al-Khoudh, mwezi wa Agosti.
Nje joto halijatua mzigo wake,
ndani kiyoyozi kinakohoa
kama mtu anayetaka kusema jambo.
Nimezima taa zote ila ile ya kijani,
rangi ambayo miche haiioni,
nikailaza sahani ubavu.

Hapo ndipo kazi inapoanza.

Mche ni mdogo, ndugu wa haradali,
mwembamba kuliko uchelewa wa ufagio.
Jana ulisimama. Leo nimeulaza.
Haukulia, hauna pa kulilia.
Ila ndani ya shina, seli kwa seli,
chembe za wanga zinaporomoka
kama machicha ya kahawa ukiinamisha kikombe,
zinatua upande mpya,
na seli inajua: chini ni huku.

Kitabu changu cha shule kiliishia hapo.
Chembe zikashuka, shina likapinda kwenda juu, basi.
Hakikusema ni nani huliambia shina: imetosha.

Nimetazama kwa hadubini mpaka jicho likatoa machozi.
Humo ndani mna njia, nyuzi zilizotandazwa
toka ukuta hadi ukuta,
na juu ya nyuzi wanatembea hamali.
Profesa Asila huwaita protini za mwendo,
huandika jina lao refu ubaoni
halafu hulifuta kwa kiganja.
Mimi nawaona hamali:
mguu mbele, mguu nyuma,
begani furushi kubwa kuliko wao,
na hawaulizi mzigo ni wa nani.
Wakienda, ute wote wa seli huenda nao,
na mche hurefuka.
Wakikosekana, hudumaa.

Hilo nalijua, nimelipima kwa rula.
Lisilonitoka ni la sahani ya pili.

Sahani ya pili ina miche
iliyozaliwa bila aina mbili za hamali.
Nayo hupinda, naam, tena kwa pupa.
Inatafuta juu, inafika juu,
na inapitiliza.
Inazidi kujikunja kama ndoana,
kama mtu anayeitikia mwito uliokwisha zamani.

Nikamkumbuka babu Muhanna.

Mmanga, hamali wa karafuu, gati ya Malindi, Unguja,
gunia la frasila nne, miaka kumi na tisa.
Alipoletwa huku, mwaka wa sitini na nne,
hakuja na kitu ila mgongo wake,
na mgongo ulikuja umebeba.
Ibra, sebuleni kwa shemeji yake,
hapana gunia, hapana nyapara,
hapana hata harufu ya karafuu,
na yeye ameinama.
Bibi Shinuna akimwambia, "Muhanna, tua."
Naye akijibu, "Nimeshatua."
Waliomwosha walisimulia
kwamba hata pale hakunyooka.

Saa saba usiku. Nimerudi kwenye sahani ya kwanza.
Shina lenye hamali wake limepinda, limefika,
na sasa, pale pale lilipopinda,
linajinyoosha,
kidogo, kidogo tena,
kama anayeshusha gunia bila kulidondosha.

Kumbe kunyooka nako ni kazi.
Kumbe kuna wanaoifanya, gizani, bila ujira.

Naandika daftarini: nyuzi themanini na nane.
Kiswahili kina mzaha wake:
nyuzi za kutembelea, nyuzi za kupimia,
na ule mmoja, uzi,
ambao bibi aliupitisha kwenye sindano
akirefusha kanzu ya babu upande wa nyuma
ili mbele isiburure.

Mlinzi Bakhit anagonga kioo. "Dada, tunafunga."
Nainuka kwenye hadubini. Mgongo unalia,
mara moja, mara mbili.
Naisimamisha sahani kama ilivyokuwa jana,
bila kufikiri, kwa mazoea ya mkono,
na humo ndani, najua, chembe zimeanza kuporomoka upya,
na hamali, ambao hakuna aliyewaambia,
wanageuka na mizigo yao.