Hatua Mia Mbili Kumi na Nne

Nilizaliwa msimu wa palizi, wakaniita Nelima,
lakini somo langu la kwanza halikuwa la jembe.
Lilikuwa la trekta: nilizihesabu langoni mwa kiwanda,
mimi na baba, Bungoma, mwaka ule wa mvua nyingi.
Kumi na saba mbele yetu Jumatatu,
kumi na saba Jumanne,
Jumatano kumi na tisa, maana mbili zilipitia mlango tusioujua.

Tulilala chini ya trela. Usiku wa pili
harufu ya miwa ikageuka, ikachacha.
Baba akavunja kipande, akakikamua, akanionyesha kiganja:
"Maji yamekwenda. Mzani haupimi yaliyoondoka."
Kisha kile kicheko chake kifupi:
"Sisi hatulimi miwa, binti. Tunalima foleni."

Nikaenda Eldoret kusomea uhandisi wa viwanda.
Likizo moja shangazi Namarome akaniuliza mbele ya wageni,
"Kwa hiyo utaunda mashine gani?"
Hakuna, shangazi.
"Utajenga madaraja?" Hapana.
"Umeme?" Hapana.
"Basi serikali imekukopesha pesa usome nini?"
Nikatazama birika likizunguka sebuleni,
wageni tisa, na kila mmoja
anasubiri sukari itoke jikoni, irudi jikoni, itoke tena.
Nikainuka, nikaiweka sukari kwenye sinia.
"Hiki," nikasema. Hakunielewa.
Lakini chai ilinywewa ingali moto.

Nikarudi langoni na kofia ngumu ya njano,
kalamu iliyofungwa kwa uzi, saa ya kupimia sekunde.
Madereva wakanibatiza Mama Sekunde.
Walidhani nimetumwa kufuta watu kazi.
Wa kreni walikimbia nilipotazama,
wakapoa nilipogeuka. Siku nane nzima nilipima uongo.
Ya tisa nikaitia saa mfukoni, nikanunua mandazi,
nikakaa nao, nikahesabu hatua tu.

Kinu hakikuwa na hatia.
Mzani haukuwa na hatia.
Kreni hukohoa, ila hubeba.
Mwenye hatia alikuwa muhuri:
muhuri wa mpira, wino wa zambarau,
ofisini mwa Bwana Wangwe, ng'ambo ya uwanja.
Dereva hushuka, huvuka matope, hubisha,
husubiri, hugongewa, hurudi.
Hatua mia mbili kumi na nne.
Trekta imezimwa katikati ya njia
na nyuma yake kata tatu zinangoja.

Niliandika ripoti ya kurasa arobaini, yenye michoro.
Meneja akafungua ukurasa wa mwisho, penye gharama:
meza moja, mwavuli mmoja.
"Hiki tu? Miaka mitano ya chuo?"
Hiki tu.
Bwana Wangwe hakuniamkua mwezi mzima.
Ofisi ina mlango, na mlango una kitasa;
chini ya mwavuli
noti ya mia haina pa kujificha.

Foleni ikashuka, siku tatu zikawa saa sita.
Halafu Alhamisi moja bomba la boila likapasuka,
trekta zikajaa hadi barabara kuu,
na kofia yangu ya njano ikaonekana toka mbali
na kila aliyetaka mtu wa kumtukana.

Baba alileta miwa yake Machi.
Aliingia asubuhi, akatoka kabla jua halijakaa utosini.
Nilitaka anipongeze, sitaficha.
Akaikunja karatasi ya mzani mara nne,
akaitia mfuko wa shati:
"Mmeharakisha kuchukua. Vizuri.
Na kulipa, kuna hatua ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa saa, nikabonyeza.

Sasa ni Juni. Nyumbani wanapalilia.
Saa iko kwenye droo, chini ya ripoti mpya
ambayo haijapata ukurasa wa mwisho,
na nikinyamaza naisikia.