Mto wa Maji, Mto wa Kichwa

Alfajiri Gikomba, robota linakatwa kamba,
harufu ya dawa na ya maghala ya mbali inatupiga puani.
Wenye tochi wanawahi kamera:
blauzi yenye lebo bado, suti isiyojua jasho.
Mimi nangoja jua lipande, bei ishuke,
nangoja fagia,
zilizokanyagwa, zenye zipu bubu,
zilizomwagikiwa divai kwenye sherehe nisiyoalikwa.

Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga.
Hawakuniona na sindano.

Naitwa Kavinya. Cherehani yangu ya mguu
inakohoa kunishinda.
Kabla ya kazi najaribu mvuto wa uzi kwenye kipande cha kutupa:
mshono mmoja, mwekundu daima,
kwa kuwa uzi mwekundu hauna mteja.

Miaka tisa nilikuwa fundi wa nusu.
Koti la mzungu mnene likawa suruali ya shule ya Wekulo,
nikajisifu;
vilivyobaki, kola, bitana, mikono,
nikavifagia hadi nyuma ya kibanda, viteremke vyenyewe.
Mto uko pale, nilisema. Mto una tumbo kubwa.

Kisha Aprili, usiku,
mto ukaingia sokoni bila kubisha.
Kulipokucha matope yalitufika magotini
na matope yalikuwa yamevaa.
Yamevaa! Soksi zimeukaba mtaro koo,
mguu wa suruali umekumbatia nguzo,
korongo mmoja kasimama juu ya sidiria
kama karani wa forodha.
Nikavuta kola kutoka kwenye mizizi,
ya samawati, nailoni, haijaoza hata uzi.
Nikaigeuza.
Mshono mmoja. Mwekundu.

Sikumwambia mtu. Nilikaa juu ya ndoo
mpaka chai ya Nafuna ikapoa mkononi.

Wekulo alisoma kitabuni
kwamba shati moja la pamba hunywa, huko shambani,
maji ya kumtosha mtu miaka miwili na zaidi.
Nikahesabu kwa mitungi, ninayonunua shilingi ishirini ishirini:
mia, mia na thelathini, nikaacha.
Tangu hapo shati likichanika kwapa
silioni shati, naona foleni ya mitungi.

Sasa msumarini linaning'inia gunia.
Vipande vya pamba: matambara, nepi za pacha wa Nafuna.
Jinzi: vishikio vya sufuria, vinanunuliwa na wachoma mahindi.
Nailoni, ile sugu, ile isiyokubali kufa,
naikatakata ndogo kama mboga,
naishindilia ndani ya foronya, nafunga mdomo.

Lugha yetu ina mto wa maji na mto wa kichwa.
Nilichokuwa nikiulisha ule
nalisha huu.

Wa kwanza nililalia mwenyewe.
Ni mgumu kidogo, una vinundu.
Nikigeuka usiku unachakarisha,
nami nasikiliza, kwa mbali, kule nyuma ya vibanda,
yule mwingine akipita;
bado mchafu, bado anabeba vya wengine,
ila kola yangu hana.