Jina Langu Sikudhani

Majaketi mia na themanini na sita
yaliletwa kwa guta mpaka barazani pangu, Mtaa wa Narung'ombe,
yamefungwa kamba ya katani kama mitumba,
yananuka dizeli, chumvi na mkojo wa panya.

Bwana Mtulia wa kampuni ya boti alisema:
"Fundi, ukaguzi ni Ijumaa.
Rudishia mikanda tu, uyapake sura.
Yakining'inia, yapendeze."

Mie jina langu Sikudhani.
Mama alinizaa kashafika arobaini na tisa,
akashangaa, mshangao wake akanipa niubebe.
Nguo ikimbana mteja hucheka:
"Ndiyo maana unaitwa hivyo."

Nikaanza na la juu.
Bizimu imekula kutu. Filimbi hakuna, imebaki kamba yake.
Ndani ya pindo la jaketi la mtoto
nikakuta ganda la peremende
limekunjwa kwa subira likawa kaboti.

La thelathini na moja lilinitia shaka.
Nikalifumua.
Sponji. Sponji ya godoro, ya njano,
ile wanayouza kwa kilo huko nyuma ya soko.

Nikajaza pipa maji.
Nikalivisha jaketi pasi yangu ya mkaa,
nikaifunga mikanda kifuani kama mtu.
Havijawa, muuza vitenge, akaangua kicheko:
"Leo unaoga na pasi?"
Likaelea. Tukatazamana.
Kisha likaanza kunywa,
taratibu, bila haya, kama mgeni aliyezoea nyumba,
hata chai haijachemka jikoni
pasi ikagonga chini ya pipa:
ko.

Havijawa kila Alhamisi huvuka kwenda Unguja.
Hakucheka tena.

Nikampigia Mtulia.
"Ah, Fundi! Nani amewahi kuyavaa?
Nahodha wetu anaujua mlango wa bandari
kama choo cha nyumbani kwake usiku.
Boya la kijani limezimika taa tangu Mfungo Tatu,
na bado anapita."

Nikakata simu. Nikakaa na sindano mkononi,
nikaanza kuwasikia.

Nahodha: sikudhani meli ile ya makontena ingegeuka vile.
Karani wa tiketi: sikudhani watu thelathini wangeleta uzito.
Mwenye ufunguo wa kabati la majaketi:
sikudhani, nilikuwa nimekwenda kula.
Na Mtulia, kola imenyooka, mbele ya vipaza sauti:
sikudhani, ndugu zangu, sikudhani.

Wote wananiita.
Wananiita kwa jina alilonipa mama kwa furaha,
nami niko Kariakoo, nimekaa juu ya kigoda,
niitike nini?

Nikachukua mkasi mkubwa, wa kukatia turubai.
Yenye sponji yalikuwa sitini na manne.
Nimeyapasua yote, kifuani, toka shingo hadi pindo,
asije mtu akayashona upya.
Vidole vimevimba mpaka leo.

Alhamisi Mtulia akaja na gari.
Akaitazama ile chungu ya njano,
akafungua mdomo, nikajua neno gani linakuja,
nikamwambia: "Bwana, hilo ni langu. Tafuta lako."
Akabaki kimya, anazungusha ufunguo wa gari kidoleni,
akaondoka bila mzigo.
Sijui Ijumaa aliwaambia nini.
Fedha hajalipa.

Mazima, mia na ishirini na mawili,
nimeyapitisha mshono mara tatu kwa uzi wa nailoni.
Filimbi nilinunua mwenyewe, Msimbazi, kwa jumla,
na kabla ya kuzifunga nilizipuliza moja moja.
Mtaa mzima ukageuka: wapiga debe, wauza maji,
askari wa jiji akadhani anachezewa.
Tisa ziligoma kulia.
Nikamrudishia aliyeniuzia.
Akasema, "Mama, si za watoto kuchezea tu?"

Kile kikaboti cha ganda
nimekirudisha ndani ya pindo nilimokikuta.